Kitako cha Bunduki: Tajiri Alipimwa, Askari Akapewa Kilichokuwepo

Wasee wa PUBG, hii ni yenu kwanza. Umeshuka, umepata Kar98k ndani ya nyumba fulani, ukaokota kile kipande cha kuegemeza shavu, ukakibandika nyuma ya bunduki na ukaendelea kukimbia. Gemu inakuambia bunduki sasa imetulia. Hujiulizi imetuliaje, ama kwa nini shavu liwe na kazi yoyote kwa mambo ya kulenga.

Mimi nilijiuliza. Nikaanza kusoma kuhusu vitako, hasa vile ambavyo watu wa shabaha hununua kando ili kubadilisha kile bunduki ilikuja nacho kutoka kiwandani. Nilidhani nitapata mambo ya rangi na swag. Kumbe nilikuwa nimeingia kwa historia inayoanzia kiwanda kimoja Marekani mwaka wa 1819, inapita bandari ya Mombasa, inaingia misitu ya Burma na Nyandarua, na kufika kwa jamaa aliyebeba dhahabu mbili za Olimpiki. Na kila nilipogeuka, swali lilikuwa lile lile: nani alipimwa, na nani alipewa tu kilichokuwepo?

Kwanza tuelewane kwa neno. Bunduki ina chuma na ina kitako. Chuma ni mtutu, komeo na kifyatulio. Kitako, vile nitalitumia hilo neno hapa, ni umbo lote la mbao, plastiki ama alumini linaloshika hicho chuma, kuanzia chini ya mtutu hadi nyuma kabisa pale bunduki inapokutana na bega. Chuma kinashughulika na risasi. Kitako kinashughulika na mtu.

Na mtu ana vipimo. Cha kwanza ni umbali kutoka kifyatulio hadi bega. Ukiwa mrefu kuliko mkono wako, unanyoosha shingo kama twiga na kidole hakifiki vizuri. Ukiwa mfupi sana, darubini inakaa karibu na jicho, na bunduki ikirudi nyuma inaweza kukupasua nyusi. Cha pili ni kimo cha pale shavu linapolala. Ikiwa pako chini, lazima uinue kichwa ndiyo uone kupitia darubini, na kichwa kilichoning'inia hewani hakirudi mahali pamoja mara mbili. Jicho likihama kidogo, unachokiona kinahama, na risasi nayo inahama. Hiyo ndiyo kazi ya shavu. Si mapambo.

Sasa turudi 1819. Kabla ya hapo, kitako kilikuwa kazi ya fundi na patasi. Anakata gogo, anachonga, anajaribisha chuma ndani, anatoa, anachonga tena. Kazi ya pole pole, na hakuna vitako viwili vilivyofanana kabisa. Kama ulikuwa na pesa na fundi yuko karibu, angekuchongea kulingana na mkono wako.

Halafu akaja Thomas Blanchard, fundi wa Massachusetts, na mashine ya kukereza ambayo ilibadilisha dunia kuliko watu wengi wanavyojua. Kerezo la kawaida linatengeneza vitu vya duara kama mguu wa meza. Kitako si duara. Kimepinda, kimebonyea, kimenenepa huku na kukonda kule. Blanchard aliweka kielelezo cha kitako upande mmoja na gogo upande mwingine. Gurudumu linatambaa juu ya kielelezo, kisu kinalifuata juu ya gogo, na umbo linahama kutoka kimoja hadi kingine. Kiwanda cha silaha cha serikali pale Springfield kiliichukua hiyo mashine, na vitako vikaanza kutoka vikiwa mapacha.

Mtindo huo huo baadaye ulitumika kuchonga mipini ya mashoka na vile vielelezo vya mguu ambavyo mafundi wa viatu hushonea juu yake. Hapo ndipo mimi nilisimama kidogo. Viatu vilipata saizi. Hakuna mtu aliyesema jeshi lote livae namba nane. Lakini bunduki, kitu kinachoamua kama utarudi nyumbani, ikawa na kielelezo kimoja: mwanaume mmoja wa kufikirika, mwenye mkono wa kufikirika. Kama wewe si yeye, jipange.

Wenye pesa nao hawakukubali hiyo. Kufikia mwisho wa karne ya 19, watengenezaji wa bunduki Uingereza walikuwa na bunduki maalum ya kupimia wateja. Kitako chake kilikuwa na viungo na skrubu, unaweza kukirefusha, kukifupisha, kukiinua, kukipindisha kushoto au kulia. Mteja anaishika, fundi anarekebisha hadi ikae sawa, kisha anaandika vipimo na kwenda kuchonga kitako cha huyo mtu peke yake. Ni kama kushonewa suti. Unasimama, futi inapita begani, unaambiwa rudi baada ya muda fulani.

Aprili 1909, mtu wa aina hiyo alishuka Mombasa. Theodore Roosevelt alikuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, na alikuja na mwanawe Kermit kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Kati ya bunduki zake kulikuwa na Springfield, aina ile ile ambayo jeshi la Marekani lilikuwa likitumia, lakini yake ilikuwa imewekewa kitako alivyotaka mwenyewe. Alikuwa pia na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland ya London, zawadi kutoka kwa marafiki Waingereza. Roosevelt alivaa miwani, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeumia kwa ndondi. Mtu kama huyo anahitaji bunduki inayoketi mahali pake bila kubishana naye. Na aliipata, kwa sababu alikuwa nani.

Safari hiyo ilikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Walibeba mahema, chumvi ya kuhifadhi ngozi, vitabu, na ndiyo, bunduki. Fikiria hiyo picha. Bunduki imechongwa kwa ajili ya bega la mtu mmoja, na inatembea maili baada ya maili kwenye bega la mwingine.

Askari Waafrika wa wakati huo walikuwa na hadithi yao. King's African Rifles iliundwa 1902, na kwa miaka mingi vijana kutoka huku kwetu walibeba bunduki za Waingereza wakipigana vita vya Waingereza. Bunduki maarufu zaidi ya Uingereza ilikuwa Lee-Enfield, na hapa lazima niwape Waingereza haki yao, kwa sababu walifanya kitu cha akili. Kitako cha Lee-Enfield kiko vipande viwili. Kipande cha nyuma kinashikwa na skrubu moja ndefu inayopita katikati, kwa hivyo unaweza kukitoa na kuweka kingine. Kulikuwa na saizi: ya kawaida, ndefu yenye alama ya L, na fupi yenye alama ya S, tofauti ikiwa nusu inchi. Kulikuwa hata na fupi zaidi yenye alama ya B, ya bantam, lile jina la kuku wa umbo dogo.

Kwa hivyo jeshi lilijua. Hiyo ndiyo pointi yangu. Nusu inchi ina maana, na ilijulikana kiwandani kabisa kwamba miili haifanani. Lakini bado ilikuwa saizi za jumla kama za duka la nguo. Kimo cha shavu hakikuguswa kabisa kwa askari wa kawaida.

Kiliguswa kwa wadunguaji. Katika Vita vya Pili, Uingereza ilichukua Lee-Enfield zilizoonekana kulenga vizuri kuliko nyingine na kuzipeleka zifungwe darubini. Shida ikawa darubini inakaa juu zaidi kuliko ile alama ya chuma ya kulengea. Shavu likilala kwenye kitako cha kawaida, jicho liko chini sana. Suluhisho likawa rahisi hadi linachekesha: kipande cha mbao kilichochongwa na kupigwa skrubu juu ya kitako, ili kuinua uso. Kampuni iliyofanya kazi hiyo kwa bunduki zaidi ya 20,000 ni Holland & Holland. Ndiyo, wale wale wa ile bunduki ya Roosevelt. Ujuzi wa kumpima tajiri ulifika kwa askari, lakini vita ndivyo vililazimisha, na ni wachache waliochaguliwa.

Na hicho kipande cha mbao ndicho babu wa kile unachookota kwa PUBG.

Miaka hiyo hiyo, 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiteremka Bonde la Kabaw kule Burma kwenye mvua za masika, ikiwafukuza Wajapani. Waruhiu Itote alipigana Burma akiwa KAR. Mnamjua kwa jina lingine: Jenerali China. Alirudi nyumbani, na baadaye akaongoza wapiganaji wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya, hadi akakamatwa Januari 1954.

Kule msituni, Nyandarua na Mlima Kenya, bunduki za kiwandani hazikutosha. Kwa hivyo zilitengenezwa. Bomba la maji likawa mtutu. Kitasa cha mlango kikawa komeo. Mpira ukawa springi. Na kitako kikachongwa kwa mkono kutoka kwa mti. Baadhi ya hizo silaha zilikuwa hatari kwa aliyeshika kuliko kwa aliyelengwa, kwa sababu bomba la maji halikuumbwa kuhimili baruti. Sitaki kuzipamba. Lakini angalia zilivyo kwenye picha: chuma chake ni cha kuokoteza, mbao zimefanyiwa kazi. Mtu alikaa chini akachonga mahali pa bega. Na alijua bei ya kukutwa nayo. Wakati wa hali ya hatari, kukamatwa na silaha kungeweza kukupeleka kwa kitanzi. Shtaka lililomnyonga Dedan Kimathi tarehe 18 Februari 1957 pale Kamiti lilikuwa la kumiliki bastola na risasi.

Hadi hapo kila kitu kilikuwa mbao, na mbao zina tabia. Mnaoishi Pwani mnajua. Mvua ikija, mlango unavimba na kukataa kufunga. Kitako nacho hunywa maji. Kikivimba, kinausukuma mtutu kidogo sana, kiasi ambacho macho hayaoni. Lakini kosa dogo la mtutu linakuwa kubwa mita 500 mbele. Jana ulilenga katikati, leo unalenga pale pale na risasi inaenda kando, na hakuna ulichobadilisha isipokuwa hali ya hewa.

Wanamaji wa Marekani waligundua hilo kwa uchungu Vietnam. Mwaka wa 1966 walichagua bunduki ya kudungua waliyoiita M40, iliyojengwa juu ya Remington 700, ikiwa na kitako cha mbao. Unyevu wa kule ukaanza kuzipindisha zile mbao. Miaka ya 1970 bunduki hizo zikajengwa upya kuwa M40A1, zikapata kitako cha faibaglasi kutoka McMillan. Faibaglasi hainywi maji. Ilikuwa nzito na haikuwa na urembo wa mbao za walnati, lakini ilikaa vile ulivyoiacha.

Jeshi la nchi kavu la Marekani likaenda hatua nyingine 1988 na M24. Ndani ya kitako chake kuna kipande cha alumini ambacho chuma cha bunduki kinalala juu yake, ili skrubu zikazwe chuma kwa chuma badala ya kubonyeza mbao. Na sehemu ya nyuma inaweza kurefushwa na kufupishwa. Ile bunduki ya kupimia matajiri ilikuwa imerudi, safari hii mkononi mwa askari wa kulipwa mshahara.

Lakini mtu aliyenifanya niandike hii yote ni Malcolm Cooper. Huyu alikuwa Mwingereza wa shabaha. Alishinda dhahabu ya bunduki ya mikao mitatu, mita 50, Los Angeles 1984, akairudia Seoul 1988. Mikao mitatu ni kulala, kupiga goti na kusimama. Kila mkao unabadilisha mwili wako wote: bega linasogea, shingo inapinda tofauti, mkono unafupika. Kwa hivyo wachezaji wa mchezo huo walikuwa wamezoea zamani kuwa na vitako vya kurekebishwa kila upande. Hakuna aliyewaona wadhaifu kwa sababu hiyo. Ilieleweka kwamba bingwa anahitaji kitu kinachomfuata.

Cooper na wenzake wachache walianzisha kampuni iitwayo Accuracy International, Portsmouth. Walipotengeneza bunduki kwa ajili ya jeshi, hawakuanza na gogo. Walianza na chasisi, kama gari. Uti wa mgongo wa alumini, chuma cha bunduki kinashikiliwa juu yake, na plastiki ngumu inafunika pande mbili ili mkono uwe na pa kushika. Jeshi la Uingereza likaichukua katika miaka ya 1980 na kuiita L96A1. Kutoka kwa ukoo huo ilitoka AWM. Ile ile mnayoisubiri ishuke na ndege kwa gemu.

Tangu hapo soko likafunguka. Remington 700 zilikuwa zimeuzwa nyingi sana tangu 1962 hivi kwamba watengenezaji wengi wa vitako na chasisi waliamua kuufuata umbo wake, na hata kampuni nyingine zikaanza kutengeneza chuma kinachoingia mahali hapo hapo. Leo mtu anayejenga bunduki ya shabaha anaweza kuchagua kitako kama unavyochagua kava ya simu, ila cha maana kinaweza kupita dola 1,000. Kuna watu kitako chao kina bei kuliko bunduki yenyewe ilivyotoka dukani.

Na ukiangalia maswali wanayojiuliza kabla ya kununua, kila moja limetoka kwa mtu fulani wa hii hadithi. Je, kinaingia kwa chuma nilicho nacho? Hilo ni swali la kiwanda, la Blanchard. Kinarefuka na kufupika kunifikia? Hilo ni la zile alama za L na S. Shavu langu linalala wapi nikifunga darubini hii? Hilo ni la kipande cha mbao cha Holland & Holland. Kitabadilika mvua ikinyesha? Vietnam. Chuma kinalala juu ya nini? M24. Nitapiga nikiwa nimelala, nimesimama, ama nitatembea nayo siku nzima? Cooper, na pia wale wapagazi, kwa sababu chasisi nzito inatulia vizuri ukilenga lakini kuna mtu lazima aibebe. Mtu wa mashindano anataka uzito, unapunguza teke. Mtu wa kupanda milima anataka faibaglasi nyepesi. Hakuna kitako bora. Kuna kinachokutosha kwa kazi unayofanya.

Najua kuna msee anasema, buda, hii inatuhusu nini? Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na silaha bila leseni ni jela. Ni kweli, na sisemi mtu aende kutafuta bunduki. Silaha ni silaha. Kilichonishika ni ile sehemu ya mwili.

Kwa sababu sisi tumelelewa na saizi moja. Dawati la shule lililotengenezwa kwa mtoto wa kufikirika. Yunifomu kubwa ya kukulia ndani. Helmeti ya bodaboda inayozunguka kichwa kama sufuria, na dereva anakuambia uishike kwa mkono. Kisha ukichoka, ukiumwa mgongo, ukikosa, unaambiwa huna nidhamu, hujui kukaa, hujui kulenga. Nusu inchi haitajwi.

Historia ya kitako inaonyesha kwamba hiyo nusu inchi ilijulikana siku zote. Fundi wa London aliijua, ndiyo maana alimpima lodi. Roosevelt aliijua, ndiyo maana alitaka bunduki ikae alivyotaka yeye. Jeshi liliijua, ndiyo maana liligonga herufi L na S kwenye mbao. Haikuwa siri ya sayansi iliyosubiri kugunduliwa. Ilikuwa swali la nani anastahili gharama ya kupimwa, na jibu lilibadilika tu pale kukosa kulipoanza kumgharimu mwenye kiwanda ama mwenye jeshi.

Kwa hivyo mtu akikupa kitu, kiwe kiti cha kazini, helmeti ama ratiba ya maisha, na hakikukai, kabla hujajilaumu uliza kilichongwa kwa kielelezo cha nani. Halafu uliza kama kina skrubu za kurekebisha. Mara nyingi zipo, ni vile hakuna aliyekuonyesha.